Nyumba Moja Ndani ya Kesho

Bango liliposimamishwa pale njia panda ya kwenda mtoni, watu wa mtaa walicheka asubuhi nzima. Hilo lazima lisemwe kwanza, maana baadaye kila mmoja alidai kwamba yeye aliogopa tangu mwanzo. Si kweli. Walicheka, wakasukumana, wakaitana kutoka nyuani waje kujiona.

Lilikuwa bango la bati, refu kuliko nyumba yoyote ya pale, limegawanywa sehemu tatu, na kila sehemu ilionyesha ukingo uleule wa mto Tshopo. Ya kwanza iliandikwa Hier, yaani jana: msitu uliofika mpaka majini, mitumbwi miwili, moshi kidogo. Ya pili, Aujourd'hui, ilikuwa leo: mabati yenye kutu, kamba za nguo, mashimo ya barabara, mwanamke anayekaanga mikate, na nyumba zote za mtaa, kila moja na ufa wake. Patrice, aliyelichora, alikuwa mkazi wa mtaa huohuo. Hakusahau hata mbuzi wa Mama Marie-Jeanne.

"Angalieni, njo mbuzi yangu," alisema Mama Marie-Jeanne. "Hata kamba ya shingo aliweka. Patrice, weye uko fundi."

Mzee Mahmoudi, aliyewazidi wote umri, alikuwa amesimama chini ya ile jana, mkono juu ya macho.

"Hapa kulikuwa vibanda vya bavuvi," alisema. "Hukubaweka."

"Sikubaona, papa. Nilizaliwa nyuma."

"Ungebaona namna gani? Siye njo tulibatosha, tukabafukuza, tukajenga." Mzee akacheka kwa ufizi mtupu, na wengine wakacheka naye.

Kisha macho yakahamia sehemu ya tatu, Demain. Kesho ilikuwa na hoteli ya ghorofa, barabara nyeupe, taa zilizopangwa mstari, na majani ya kijani kibichi yaliyoshuka mpaka mtoni. Mzungu mmoja alikuwa anatembeza mbwa. Marie-Jeanne alitafuta nyumba yake akaona majani. Célestin, fundi pikipiki, akatafuta karakana yake akaona taa. Kicheko kikapungua, halafu kikaisha. Ni Célestin aliyeona, chini kabisa pembeni, nyumba moja ndogo yenye mlango wa buluu.

"Hii nyumba ni ya nani?" aliuliza, ingawa alikuwa anaazima nyundo kwenye mlango huo kila wiki.

Watu wakageuka kumtazama Patrice. Rosine mkewe, aliyekuwa pembeni na beseni la samaki kichwani, alilishika beseni kwa mikono yote miwili.

"Ni signature yangu," Patrice alisema. "Munajua wote. Batu wa soko walikuwa wanaiga tableaux zangu, wanaandika jina yangu chini. Basi siandikake jina tena. Naweka nyumba. Mukono ilienda yenyewe."

Walijua. Hakukuwa na sebule katika mitaa yote ya Tshopo isiyojua kwamba picha ya mto yenye mlango wa buluu ni ya Patrice kweli. Lakini mtu anayeogopa hashibi maelezo, na hapo walikuwa wameanza kuogopa.

*

Siku zilizofuata wakaja watu wa komini, yaani ofisi ya serikali ya mji, na kopo la rangi nyekundu. Waliteremka na mtaa, nyumba hadi nyumba, na kila ukuta ukapata msalaba. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: ukuta wenye msalaba mwekundu unavunjwa. Wanawake walisimama milangoni mikono kichwani. Wengine waliomba, wengine walitukana, na mtia alama, bwana mnene mwenye kofia, aliendelea na kazi kama mtu anayepalilia.

Walipomaliza ukuta wa Célestin ilibaki nyumba moja tu, ile ya Patrice, ng'ambo ya mfereji. Ndipo mvua ikashuka, mvua ya Kisangani isiyomwambia mtu ajiandae. Wale watu wakakimbia mpaka kibarazani kwa Rosine.

Sasa angefanya nini? Mgeni hafukuzwi mvuani. Rosine akatoa viti. Akatoa na maji ya kunywa. Wakakaa, kopo la rangi katikati ya miguu yao, wakipiga soga na kucheka, na mtaa mzima ukawatazama kupitia nyufa za milango. Mvua ilipokatika jua lilikuwa limeshuka. Yule bwana mwenye kofia akashukuru sana, akabeba kopo lake, akaenda zake bila kugusa ukuta.

Patrice aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti kimojawapo, mikono mapajani.

"Walikaa hapa," Rosine alisema. "Batu wote waliona. Mungu wangu, niliwapa viti."

*

Mzee Mahmoudi akafa wiki hiyohiyo. Alikuwa na pumu ya miaka mingi, na msimu wa mvua haukuwahi kumwacha salama. Lakini alikutwa amelala chini ya msalaba wake, na hiyo ilitosha. Zamani walisema Patrice anachora vitu vinavyofanana. Sasa wakasema anachofuta kwenye picha hakiishi.

Rosine alipika pondu, mboga ya majani ya mihogo, sufuria kubwa, akajifunga kitenge cha msiba, akaenda kwenye matanga na binti yake Viviane. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani wakiimba. Walipomwona hawakuacha kuimba, walisogea tu, kila mmoja kidogo, mpaka mkeka wote ukawa hauna nafasi. Alisimama pale na sufuria ya moto mikononi, vidole vikiungua, akitafuta mahali pa kuiweka.

Mama Marie-Jeanne ndiye aliyeinuka. Walikuwa marafiki wa kusukana nywele.

"Rudisha sufuria yako, ndeko, dada yangu," alisema polepole. "Hapa hakuna mutu ataikula."

"Marie-Jeanne, unanijua."

"Nilikuwa nakujua. Rudisha tu. Vijana wamekunywa tangu asubuhi, sitaki wakuguse mbele yangu."

Walirudi kwa njia ya nyuma. Viviane alisubiri mpaka walipofika jikoni. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho wa shule, mwenye maneno mengi kwa kawaida.

"Mama, asubuhi kwenye robinet ya maji walimwaga ndoo yangu. Mmoja alisema petroli ya kuchoma nyumba moja si mingi. Alisema akiniangalia machoni, mama. Alikuwa anacheka."

Rosine akamimina pondu yote kwenye shimo la taka. Nusu ilimwagikia miguuni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alijua hivyo, akaanza kuhesabu moyoni ni kitu gani angebeba kwanza.

*

Patrice alikwenda Makiso, katikati ya mji, kumwona mwenye hoteli, aliyemlipa kuchora bango. Télesphore alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, muuzaji wa jumla wa mchele na mafuta, mwenye rozari iliyoning'inia juu ya mizani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Patrice kiti, akamwagizia soda.

"Bango iko muzuri, papa Patrice. Hata wakubwa wa mji walifurahi."

"Papa Télesphore, nakuya juu ya ile nyumba kidogo."

"Nyumba gani?"

"Ya pembeni. Ya mulango ya bleu."

Télesphore alifikiri, kisha uso ukamng'aa. "Ah, ile ya sentinelle. Bibi yangu Katungu, mama ya batoto yangu, njo aliiona. Aliniambia, angalia, huyu muchoraji alifikiri hata mahali mulinzi atalala. Tulikusifu sana."

Patrice aliitazama soda yake. Alikuwa ameijenga nyumba ile tofali kwa tofali.

"Ni yangu," alisema. "Naikalaka mule na bibi na mutoto."

"Pale?" Télesphore aliona haya, na haya yake ilikuwa ya kweli. Walikuwa wamekutana mara nyingi na hakuwahi kumuuliza anakaa wapi. "Pale, papa... pale ni parking. Hakuna nyumba itabakia pale. Nilifikiri unajua."

"Batu wanasema nilibauzisha ili miye nibakie. Wanataka kutuchoma. Tosha bango pale, iondoke, papa, nakuomba."

"Siwezi. Siku ya kuweka jiwe ya kwanza iko karibu, barua za kualika zimeisha kwenda." Télesphore akateremsha sauti, akatazama mlangoni. "Sikia, hata miye niko na woga. Kule kwetu depot yangu ilichomwa, nilikuya hapa na nguo ya mwili. Sasa asubuhi napitaka njia hii, magaribi napitaka ingine. Ile bango nililipia ili batu waone uzuri, roho zipoe."

"Hazikupoa."

"Naona." Alimsindikiza mpaka barabarani, akampa mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayeaga mgonjwa. "Kama unataka kumutosha sentinelle kwenye picha, mutoshe tu. Sitakasirika."

Patrice alirudi kwa toleka, nyuma ya baiskeli, macho chini. Dereva alikuwa kijana wa mtaani. Alipofika njia panda alisimamisha baiskeli, akamwambia hafiki mpaka kwake.

*

"Parking," Rosine alirudia. Walikuwa wamefunga mlango ingawa jua lilikuwa bado juu ya mto, na ndani kulikuwa na joto la kukaba. "Donc basi tutavunjiwa sawa na wao, na tunachukiwa juu ya kubakia. Wende ubaambie."

"Nani ataniamini? Nitaenda kufuta ile nyumba. Kesho asubuhi, mbele ya wote."

"Ukiifuta, umekubali. Ni sawa umeisha ku-signer wavunje. Miye nilibeba maji ya kila tofali ya hii nyumba, Patrice. Mutoto ilikuwa mugongoni, na beseni kichwani."

"Ni peinture tu, Rosine, ni rangi."

"Kama ni peinture tu, juu ya nini hatulale?"

Ndipo jiwe la kwanza likaanguka juu ya bati. Lilibiringika taratibu mpaka mwisho wa paa likadondoka uani, nao wakalisikiliza njia yote. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Viviane, msichana mzima, aliingia chini ya meza akakumbatia magoti. Nje mtu alipiga mluzi, na mwingine akajibu kutoka upande wa mto, kwa hiyo walikuwa pande zote mbili.

Patrice alisimama katikati ya chumba na hakujua aende wapi. Alikuwa anaogopa, na aliona aibu kwamba mkewe anaona.

"Enda ufute," Rosine alisema. "Asubuhi, mapema. Nitashika ngazi."

*

Habari za mchoraji kupanda ngazi zilitangulia ngazi yenyewe. Walipofika njia panda, Viviane nyuma yao, watu walikuwa wameshajaa, kimya, wengine wakiwa na nguo za matanga. Hakuna aliyewazuia na hakuna aliyewasaidia. Rosine akakumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, uso umeelekea bati, ili asione nani ameshika nini nyuma yake.

Patrice alichanganya kijani. Huo ndio ufundi wake, na hata hofu haikuuharibu: alipata kijani kilekile. Akaanza na mlango, halafu kuta, halafu paa. Kazi ilikuwa fupi. Alipoondoa brashi, majani ya kesho yalishuka mpaka mtoni bila doa, na mtu ambaye hakujua asingeweza kuonyesha mahali nyumba ilipokuwa.

"Patrice." Ilikuwa sauti ya Mama Marie-Jeanne. "Hii umefuta leo, tumeona. Na yangu? Ile siku unafuta yangu, ulikuwa unawaza nini?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema alilia, au alilazimishwa, na labda wangependa kusikia hivyo.

"Nilikuwa nawaza majani," alisema kutoka juu. "Kama vert, ile kijani, haikuzidi."

Ilikuwa kweli. Alikumbuka mchana ule, vipande vya bati vikiwa bado uani kwake, jinsi alivyorudi nyuma hatua chache kuitazama rangi, akapiga mluzi kwa furaha kwa sababu ilikuwa imekaa vizuri. Ng'ambo ya barabara Marie-Jeanne alikuwa anaanika mihogo. Kukumbuka hivyo kulimtisha Patrice kuliko mawe ya jana, akashika ngazi kwa nguvu asianguke.

Marie-Jeanne hakutukana. Aligeuka, akaenda zake. Ingekuwa afadhali angetukana, maana yeye ndiye alikuwa mtu pekee aliyewazuia vijana.

"Peinture inafutwa, inarudishwa," Célestin alisema kwa sauti. "Leo anafuta, siku ya sherehe anarudisha. Kwa ukuta yake ile musalaba, croix, iko wapi? Papa Mahmoudi tunamuzika na croix yake. Huyu yake iko wapi?"

"Kwangu kutakuwa parking, Célestin. Télesphore mwenyewe alisema."

"Télesphore ni rafiki yako, si yetu. Leo magaribi tutakuya kuongea na weye vizuri. Usilale mapema."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kinywani tu. Rosine alikiona kidumu cha manjano mkononi mwa kijana mmoja, kidumu cha kawaida cha mafuta ya mawese, na hakuweza kuacha kukitazama.

*

Rosine hakumwambia mumewe anakwenda wapi. Aliwarudisha nyumbani, yeye na Viviane, akawafungia kwa nje, akatembea haraka mpaka ofisi ya komini. Alimkuta yule bwana mwenye kofia amekaa kwenye ngazi za ofisi, anakunywa chai na mikate.

"Papa, mulisahau nyumba yetu."

"Nyumba gani, mama?"

"Ya mwisho, pembeni ya mufereji. Mulikaa kwetu siku ya mvua. Hamukuweka croix."

Bwana yule aliacha kutafuna. Katika kazi ile alikuwa ameshaona kila kitu: waliompa kuku, waliompa laana, waliosugua ukuta kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Huyu alikuwa mpya.

"Mama, kichwa yako iko muzima?"

"Iko muzima. Kuya leo. Kabla ya magaribi."

"Rangi imeisha. Juma ijayo."

"Rangi iko kwetu. Bwana yangu ni muchoraji, pinceau ya kupaka pia iko." Rosine akapiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya makarani waliokuwa dirishani, na mmoja wao akacheka. "Papa, juu ya Mungu. Usiniache nirudi peke yangu."

Bwana akainuka, na Rosine akarudi naye mtaani. Hakupita njia ya nyuma. Alimpitisha katikati ya mtaa, mbele ya matanga, mbele ya karakana ya Célestin, polepole, na kila mlango walioupita ulitoa watu waliowafuata. Alipofungua kufuli, Patrice alitazama kofia ile, akamtazama mkewe, akaelewa. Aliingia ndani akatoka na kopo la rangi nyekundu, nyekundu nzuri aliyoitunza kwa ajili ya machweo.

Bwana akachovya, akapiga mstari mmoja, akapiga wa pili. Mkono wake ulikuwa mzito na rangi ikachuruzika hadi chini. Bila kufikiri Patrice alinyoosha kidole kuifuta, kama afanyavyo siku zote, na Rosine akamkamata mkono.

"Acha," alisema. "Acha ionekane."

Kisha akamgeukia yule bwana. "Aksanti sana, papa. Mungu akubariki."

Bwana alirudisha brashi, akaondoka, na alitembea haraka kidogo.

Célestin alivuka mfereji. Aligusa msalaba, akatazama kidole chake, akakipangusa kwenye suruali.

"Donc hata nyiye," alisema.

"Hata siye."

Alisimama, akajikuna shingo. Akaenda kwake akarudi na benchi, akaliweka kibarazani, akakaa. Baada yake akaja mke wake. Baadaye yule kijana wa kidumu, na ndani ya kidumu kweli mlikuwa na mafuta ya mawese, au sasa yalikuwa mawese, nani angeuliza. Jua lilipofika mtoni Mama Marie-Jeanne alileta pondu na samaki, akamlisha Rosine tonge la kwanza kwa mkono wake kama mtoto, na Rosine alilia huku anatafuna. Mtu akasimulia jinsi Mzee Mahmoudi alivyowahi kuanguka mtoni na suti ya harusi. Kibaraza kizima kikacheka, na Rosine akacheka kuliko wote, kichwa nyuma, kifua wazi, kicheko ambacho hakikusikika nyumba hiyo tangu bango lisimame.

Viviane alikuwa amesimama mlangoni. Siku zile zote alikuwa ameogopa moto, na moto sasa haukuwepo. Alitazama watu wanavyosogea ili kila mmoja apate nafasi kwenye benchi, akatazama kuta zao mtaa mzima mpaka njia panda, wekundu ukianza kuingia giza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anazungumza juu ya misalaba ile.

"Mama," aliita. "Mama, sasa tutaenda wapi?"

Rosine alikuwa bado anacheka. Alimpungia mkono aje ale kabla pondu haijapoa.